Ugonile? Pa Kulala Ukienda Ziwa Ngosi na Maji Moto

Boom likitoka tu, simu yangu inaanza kuita. "Dada, wewe si ulifanya TP Tukuyu? Sisi tunataka kwenda Ngosi na maji moto, tulale wapi?" Na mimi huwa nawarudishia swali: maji moto yapi?

Hapo kunakuwa na ukimya kidogo. Wengi wanadhani ni kitu kimoja: unapanda, unaliona ziwa, unashuka, unaingia kwenye maji moto, unapiga picha, unalala. Kwenye simu vyote vimeandikwa Mbeya. Sasa kwa kuwa nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kwa kuwa mara ya kwanza mimi mwenyewe nilichagua vibaya na karibu tupoteze mtu, naomba nafasi kwenye jarida letu niyaeleze yote kwa mara moja.

Tuanze na ramani, maana mtu wa Jiografia hawezi kuanza kwingine.

Ziwa Ngosi liko kwenye safu ya Uporoto, kati ya Mbeya mjini na Tukuyu. Ni ziwa la kreta, yaani mlima wa volkano ulilipuka ukajibomokea ndani, shimo likabaki, mvua ikalijaza. Lina urefu wa kama kilomita 2.5 na upana wa kilomita moja na nusu hivi, na hakuna mto unaotoka. Wenyeji watakwambia lina umbo la ramani ya Afrika. Nimeliangalia sana, na kwa kweli ukikaza macho unaiona, ila Somalia unaitafuta. Limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye migomba pori, na ukuta wa kreta unashuka mpaka majini kwa zaidi ya mita 200. Hakuna hoteli ufukweni, kwa sababu hata huo ufukwe hakuna.

Ukitoka Mbeya mjini kuelekea Dar unafika Uyole. Hapo ndipo njia panda: moja kwa moja ni barabara kuu ya Tanzam, na ukikata kulia unaelekea Tukuyu na Kyela. Barabara inapanda vilima vya Uporoto mpaka Isongole, na hapo ndipo unaposhuka kwa ajili ya Ngosi. Ukiendelea unateremka Kiwira, kisha unafika Tukuyu. Mbeya mjini mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70, kwa hiyo Isongole iko katikati, ila imeegemea upande wa Mbeya.

Maji moto sasa. Kuna ya Songwe na kuna ya Kilambo. Ya Songwe yako magharibi ya Mbeya, unapita Mbalizi kama unaenda Tunduma halafu unaacha lami. Ya Kilambo yako kusini, unapita Tukuyu unaelekea upande wa Masoko, kwenye bonde la mto Mbaka. Kati ya moja na jingine ni nusu siku ya Coaster na bodaboda. Kwa hiyo anayesema "Ngosi na maji moto" bila kusema yapi, bado hajapanga safari.

Ndiyo maana nauliza kwanza. Ukitaka Ngosi na Songwe, lala Mbeya mjini au Uyole. Ukitaka Ngosi na Kilambo, lala Tukuyu. Ukitaka vyote vitatu kwa wikiendi moja, nakushauri upunguze kimoja, kwa sababu utaishia kuijua barabara tu. Isongole, ambako ndiko karibu kabisa na ziwa, ni pa kulala watu wachache wenye sababu maalumu. Ndiko sisi tulikolala mwaka wa kwanza, na hadithi yenyewe ni hii.

Tulikuwa sita, wasichana watatu na wavulana watatu, mwezi wa saba, tumemaliza UE. CR wetu ndiye aliyesimamia mchango. Hoja yetu ilikuwa ya mwanachuo kabisa: kwa nini tulale mjini tulipe nauli ya kwenda na kurudi, wakati tunaweza kulala palepale mlimani na alfajiri tukawa wa kwanza ziwani? Mtu akatupa namba ya nyumba moja maeneo yale. Nyumba sitaitaja, na sidhani kwamba mwenyewe alikuwa mtu mbaya. Chumba shilingi 10,000, vyumba viwili, kila kimoja na vitanda viwili. Tukagawana, tukaona tumewashinda wenzetu wote.

Kitu ambacho hatukukipigia hesabu ni baridi. Na hii ni aibu, kwa sababu tulikuwa tumetoka kufanya mtihani ambao swali mojawapo lilihusu jambo hilohilo: halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kyela iko kwenye kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Isongole iko zaidi ya mita 2,200. Toa, zidisha, unapata tofauti ya nyuzi 11 kati ya watu walio kwenye barabara moja, wanaopanda Coaster moja. Halafu huo ni wastani tu. Mwezi wa saba, usiku, na ukungu unaoshuka kutoka msituni, ni habari nyingine. Sisi tulikuwa na vijaketi vya jinsi. Mwenzetu mmoja kutoka Tanga alikuwa na kanga mbili na imani.

Saa mbili usiku mama mwenye nyumba akatuonea huruma. Akaja na jiko la mkaa, limekolea vizuri, jekundu, halina moshi, akaliweka katikati ya chumba chetu. "Mpate joto wanangu, baridi ya huku siyo ya kuzoea siku moja." Tukamshukuru sana. Dirisha lilikuwa moja, la kioo, lisilofunguka, na pembeni mtu alikuwa ameshachomeka maboksi kuzuia upepo. Mlango tukaufunga, chini yake tukakunjia kanga. Wavulana nao waliletewa lao, ila mmoja wao alisema linampa kikohozi wakalitoa nje. Hilo ndilo lililowaokoa, na lilituokoa na sisi pia, kwa sababu walikuwa na nguvu ya kutubeba.

Niliamka saa nane hivi kutaka kwenda chooni. Kichwa kilikuwa kinapiga kama ngoma, kichefuchefu, na nilipokanyaga chini miguu haikuwa yangu. Nilifika mlangoni kwa kutambaa, nikavuta komeo, mlango ukafunguka nikaanguka nusu ndani nusu nje. Ile hewa baridi ya korido ndiyo iliyonirudishia akili kidogo nikapiga kelele. Mwenzangu wa kitanda aliamka akatapika. Yule wa Tanga hakuamka. Walimtoa nje wamemfunga blanketi, anapumua lakini haitiki, na kutafuta Noah usiku ule, milimani, ni kitu ambacho mpaka leo CR hapendi kukizungumza. Hospitali walimwekea oksijeni. Asubuhi saa nne akafumbua macho akauliza kama tumeshaliona ziwa.

Hatukuliona. Tulirudi.

Nieleze kilichotokea, maana nimegundua wengi wetu tunajua neno tu. Mkaa ukiungua kwenye hewa ya kutosha unatoa kabonidayoksaidi. Ukiungua mahali hewa inapopungua, kama chumba kilichozibwa, unatoa kabonimonoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndiyo maana jiko "zuri", lililokolea lisilo na moshi, ndilo linalodanganya zaidi: tumezoea kwamba hatari ya moto ni moshi. Damu yetu hubeba oksijeni kwa himoglobini, na himoglobini hushikana na kabonimonoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshikana na oksijeni. Kwa hiyo unapumua kawaida kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo haupati chake. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na uchovu, na mtu aliyesafiri siku nzima kwenye basi akiumwa kichwa anasemaje? "Nimechoka, nilale." Analala.

Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwanza, hewa safi, halafu hospitali hata kama ameamka anacheka. Mambo ya kumnywesha maziwa achaneni nayo. Maziwa yanaenda tumboni, na sumu hii imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu. Mtu aliyelegea ukimnywesha maziwa unaweza kumpalia, ukawa umeongeza tatizo la pili.

Narudi kwenye mada. Nyumba za ukanda ule wa juu, Isongole na vijiji jirani, zimejengwa kwa ajili ya baridi: vyumba vidogo, madirisha madogo, na moto ni sehemu ya ukarimu. Mgeni kukataa jiko ni kama kukataa chai. Basi ukipiga simu kuuliza chumba, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: dirisha linafunguka? Mnatoa mablanketi mangapi kwa kila kitanda? Na ukiletewa jiko, shukuru, kaeni mlio nalo sebuleni mlango ukiwa wazi, mpige stori, na mkienda kulala lirudi nje. Si kwamba limezimika kidogo, au limefunikwa majivu. Nje.

Nani basi alale Isongole? Anayetaka kufika juu kabla ya saa mbili asubuhi, ukungu haujarudi. Ziwa lile lina tabia: unaweza kupanda vizuri, ukafika kingoni, ukakuta bakuli la maziwa, huoni chochote. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, asubuhi ndiyo yenye nafasi nzuri. Kutoka barabarani ni kilomita tano au sita za njia ya vumbi kati ya mashamba ya viazi, bodaboda wanakupeleka, halafu ni msitu kwa miguu kama saa nzima, sehemu ya mwisho mwinuko mkali wenye mizizi. Aliyelala Uyole akaondoka saa kumi na mbili naye anafika mapema tu. Kwa hiyo ile faida tuliyoifukuzia sisi, kusema kweli, ilikuwa ya saa moja.

Wapo pia wanaotaka kupiga hema. Msitu ni hifadhi ya serikali, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna kiingilio na Watanzania hulipa kidogo kuliko wageni. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla hujapanda, na dai risiti. Kupiga kambi kunahitaji ruhusa yao. Usidanganywe na kijana wa njiani anayesema "nipe mimi tu". Mwongozaji wa kijijini mchukue, ni haki yao na njia za msituni zinachanganya, lakini hiyo ni hela ya mwongozaji, si kiingilio.

Na kwa watu wa mahema nina neno moja la ziada. Eneo lote la Rungwe ni la volkano. Ni mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa, na ardhi bado inapumua. Mlima Kyejo, jirani na Tukuyu, ulitoa lava karibu mwaka 1800, yaani juzi tu kwa hesabu ya milima. Kuna sehemu wilayani gesi ya kabonidayoksaidi inatoka ardhini kwa wingi mpaka inavunwa kiwandani na kupelekwa kwenye soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye vishimo na mabonde madogo hasa usiku usio na upepo. Wenzetu wa Goma, kule Kongo, huita mifuko kama hiyo mazuku, na wanajua ni hatari. Kwa hiyo hema halipigwi kwenye kishimo kwa sababu eti kuna kinga ya upepo. Upepo ndio rafiki yako. Ukiona mahali kuna ndege au wadudu wengi wamekufa chini, usikae kuchunguza.

Najua inasikika kama natisha watu. Sitishi. Nimeishi huko miezi miwili, nikafundisha, nikanenepa kwa ndizi na maparachichi, na ningerudi kesho.

TP yangu ya mwaka wa pili nilipangiwa shule moja wilayani Rungwe, nikapanga chumba Tukuyu. Bibi mwenye nyumba kila asubuhi akinikuta bombani ananiambia "Ugonile?" Maana yake, ukilichukua neno kwa neno, ni "umelala?" Ni salamu tu, kama sisi tunavyosema umeamkaje, na mimi nikajifunza kujibu "ndaga" kwa lafudhi yangu ya pwani, wanafunzi wakacheka mpaka wakazoea. Lakini kwa mtu mwenye historia yangu, kuulizwa kila siku kama nimelala haikuwa salamu tu. Siku moja nikamsimulia lile jiko. Akanyamaza, kisha akasema na wao kijijini kwao waliwahi kupoteza watu wawili hivyo, mama na mtoto mchanga, na watu walisema ni uchawi. Wiki iliyofuata nililifundisha hilo kidato cha pili. Halikuwa kwenye andalio la somo. Mwalimu mlezi aliniandikia kwamba nimetoka nje ya mada, lakini akabaki nyuma ya darasa mpaka mwisho.

Tukuyu, basi. Kama unaniuliza mimi, ndiko pa kulala. Mji uko kwenye kama mita 1,500, baridi yake ni ya sweta, siyo ya kugandisha. Una gesti za kila bei, hosteli za misheni, soko, vituo vya afya, na Coaster za kwenda na kurudi Mbeya mchana kutwa. Ulikuwa makao ya Wajerumani wakati ule wakiuita Neu Langenburg, na ukipanda sehemu ya juu ya mji unauona Mlima Rungwe umekaa mbele yako. Ubaya wake ni mvua. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne nguo ukiianika Jumatatu utaivaa Ijumaa ikiwa na harufu. Chagua gesti iliyo jirani na lami. Ile nzuri ya bei chee iliyo "dakika tano tu kwa boda" inakuwa dakika arobaini matope yakikolea.

Kuhusu gesti zenyewe, kuna mambo ambayo hakuna mtu anayetuambia mpaka tufike. Gesti nyingi zina tangazo ukutani kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Wavulana wanaopanga kubana matumizi kwa kulala wawili wawili wanagonga mwamba mapokezi saa nne usiku. Ulizeni mapema chumba cha vitanda viwili, au nendeni hosteli za misheni, wao wamezoea makundi ya wanafunzi na kwaya. Huko bia hakuna na geti linafungwa mapema, sasa kila mtu apime anachotaka. Kwa wasichana: angalia komeo la ndani kabla hujalipa, siyo baada. Angalia kama kuna baa chini au jirani, kwa sababu gesti yenye baa Jumamosi usiku kila mlevi anayekosea mlango atagonga wako. Ukiambiwa "self", uliza kama maji ya moto yapo kweli au ni ndoo. Ndoo haina shida, ila ujue. Na jina lako liandikwe kwenye kitabu cha wageni. Gesti isiyo na kitabu mimi silali, ukipotea nani atasema ulikuwepo?

Ukiwa Tukuyu, maji moto yako ni ya Kilambo. Unaenda kwa boda au gari la kukodi upande wa Masoko, na njiani unapita ziwa jingine la kreta, Kisiba, ambalo wengi hulizoea kwa jina la Masoko. Hilo unafika kwa gari mpaka pembeni, mzee hata mwenye magoti mabovu analiona. Kando yake kuna jengo la mawe la kikosi cha Wajerumani, na stori za vijijini ni kwamba walitupa mali na silaha ziwani walipozidiwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Kilambo penyewe maji yanatoka ardhini yakiwa karibu nyuzi 60. Hayo hayaogwi yanapotokea. Yanaogwa mbele, yanapochanganyika na ya baridi, na wenyeji wanajua wapi; waulize, na uingize mkono kabla ya mguu.

Kisayansi ni rahisi kuelewa: mvua inayonyesha milimani inazama kwenye nyufa za miamba, inafika chini ambako kuna joto la volkano, inapashwa, kisha inapanda kupitia nyufa nyingine. Ndiyo maana maji moto hujipanga kwenye mistari ya nyufa na si popote. Hata Ngosi lenyewe watafiti wamekuta matundu ya maji moto na gesi kwenye sakafu yake, na serikali inatafuta umeme wa jotoardhi hapo na upande wa Kyejo na Mbaka. Kwa hiyo unapoliona limetulia, la kijani, kimya, chini kuna jiko lake.

Songwe ni picha tofauti. Kule ni joto, ni pakavu, maji ni makali zaidi, baadhi ya matundu yanafika nyuzi 80, na watu huchemshia mayai. Maji yameacha matabaka ya chokaa miaka na miaka, mazuri sana kwa picha, ila kuna sehemu ukoko wa juu ni mwembamba. Pita palipokanyagwa. Kwa kuogea Kilambo, kwa kushangaa Songwe, ndivyo ninavyopanga mimi. Na ukishaamua Songwe, Tukuyu haina maana tena. Lala Mbeya mjini, au hata Mbalizi ambako gesti zina bei nafuu ingawa malori ya Tunduma hayalali. Uyole inafaa kama siku ya kwanza ni Ngosi na ya pili ni Songwe, kwa sababu asubuhi unaenda kulia, kesho yake unarudi kupitia mjini.

Mpango ninaowapa watu wa siku tatu ni huu. Mnaondoka chuoni Ijumaa na basi la alfajiri, mnafika Mbeya jioni. Msijaribu kupanda Isongole wala Tukuyu usiku huo, ile barabara ina ukungu na kona, na madereva wa usiku nawajua. Mnalala Uyole. Jumamosi alfajiri Ngosi, saa saba mmeshashuka mnakula viazi na maharage Isongole, mnapanda Coaster kushuka Tukuyu, mnapumzika. Jumapili Kisiba na Kilambo asubuhi, halafu kabla ya saa tisa mnaanza safari ya kurudi Mbeya na kulala huko, kwa sababu mabasi yanayokuja huku yanaondoka Mbeya giza bado halijaondoka, na aliyelala Tukuyu usiku wa mwisho atalipa teksi ya bei ya boom zima au atakosa kipindi cha Jumatatu na cha Jumanne. Tiketi ya kurudi kateni Ijumaa ileile mkishuka, kabla hamjatoka stendi.